Komeo Lisilo na Ufunguo

Thora Heslop alijifungia mwenyewe. Alilisema hilo baadaye kwa kila aliyemuuliza, maana hakupenda lawama zake zimwangukie mtu mwingine.

Ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya mashindano ya liki. Pale kijijini Hesleyburn, upande wa Durham, tangu mgodi wa makaa ulipofungwa, hakuna jambo linalowanyima wazee usingizi kama liki, mboga ya ukoo wa kitunguu. Si zile nyembamba za sokoni. Hizi zina shina jeupe, fupi, nene kama paja la mtoto, na majani mapana yanayomwagika pande zote. Mtu huzilea mwaka mzima ili siku moja tu ya Septemba azilaze mbili mezani, mabwana wenye futi za kupimia waziinamie na kunong'ona. Tena hakuna anayeonyesha liki zake kabla ya siku hiyo. Ndugu hamwonyeshi ndugu. Ukipita kwenye bustani ya mwenzio, unatazama chini.

Thora alikuwa na miaka sabini na moja. Alikuwa amepika katika kantini ya shule miaka thelathini. Mumewe Matty alishinda mara nne, na wakati huo kazi ya Thora ilikuwa kuchota maji na kunyamaza. Matty alipofariki, wanaume wa klabu walidhani bustani itarudishwa klabuni. Haikurudishwa. Mwaka jana Thora aliweka liki mezani kwa jina la Matty, kwa kuwa fomu ilikuwa bado na jina lake. Mwaka huu alikwenda mwenyewe kwa katibu, akaandika: Thora Heslop. Katibu alisoma, akamtazama juu ya miwani, akasoma tena.

"Haya," alisema. "Wino umeshakauka."

Basi asubuhi hiyo alifika bustanini saa moja na nusu, akavua koti lake na kulitundika kwenye msumari nje ya kibanda cha vioo, kama alivyofanya siku zote, kwa sababu nguo ya nje hubeba ugonjwa wa kutu ya majani ukaziambukiza liki. Akavaa aproni. Akaingia, akavuta mlango, komeo likajisukuma mahali pake. Kwa muda wa karibu miaka miwili alikuwa hajaacha mlango huo wazi hata kwa dakika moja, awe ndani au awe nje.

Kibanda kile kilikuwa kama ngome. Vioo vilipakwa chokaa kwa ndani ili mtu asichungulie. Juu ya vioo kulikuwa na wavu mnene wa chuma uliotoka mgodini. Mlango ulikuwa bati zito, na komeo lake halikuwa na ufunguo, kwa kuwa ufunguo huibiwa. Liliendeshwa na kompyuta ndogo, bao moja tu, pana kama kadi ya karata, iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma juu ya mlango. Hiyo hiyo ilifungua madirisha ya paa jua likizidi, na kumwagilia maji tone kwa tone. Ukibonyeza kitufe cha ndani, au kile cha kwenye simu ya Thora, kompyuta huliinua komeo. Na mtu akikata umeme, komeo linabaki limefungwa. Hapo ndipo Thora alipojiona mjanja kuliko wote.

Aliitengeneza kwa mikono yake. Alijifunza maktabani, kila Jumanne, akiwa mwanafunzi mzee kupita wote, na mwalimu wao, Bi Prudence Lamb, alikuwa akimpigia makofi kila taa yake ndogo ilipowaka. Aliitengeneza majira yale ya baridi Matty alipokuwa mara hospitali, mara nyumbani. Kwa maana mwaka ule, usiku wa kuamkia mashindano, mtu aliingia bustanini na kisu akazikata liki za Matty zote, shina kwa shina, akaziacha zimelala kama kuni. Hakujulikana. Lakini Matty alikuwa na jina moja mdomoni mpaka alipokata roho, nalo ni Ridley Tulip, rafiki yake wa mgodini, wa bustani ya jirani. Tangu hapo Thora na Ridley walikuwa wakipishana kwenye njia ya changarawe kama watu wawili wasioonana.

Sasa kisa cha kugusa kompyuta siku mbili kabla ya mashindano. Jumapili, klabuni, mwenyekiti Norman Raine alimwita kwa sauti mbele ya watu, bilauri mkononi.

"Thora! Ile kamera yako ya kibandani, tunaitazama kwenye simu. Jana ulimwagilia umevaa gauni la kulalia!"

Watu wakacheka. Thora naye akacheka, lakini hakumaliza kinywaji chake. Ni kweli alikuwa na kamera ndogo, ili aone liki akiwa nyumbani. Ni kweli pia kwamba Bi Prudence alikuwa amewaonya: mfumo endeshi ukizeeka, hauletewi tena viraka vya usalama, na mtu wa nje anaweza kupenya. Mfumo wake ulikuwa umezeeka. Aliikata kamera, lakini kwa siku tatu hakula vizuri. Aliwaza: aliyepenya ameshaziona liki. Aliyeziona anaweza pia kuinua komeo. Kumbe Norman alikuwa akitania tu. Gauni la kulalia la Thora hata halijawahi kutoka nje ya nyumba. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.

Bi Prudence alikuwa pia amesema: msipandishe mfumo mpya juu ya mfumo wa zamani, chukueni kadi nyingine ya kumbukumbu, anzeni upya, ya zamani muiweke kando. Thora alilikumbuka hilo. Lakini kuanza upya kungemchukua wiki, na Jumamosi haingojei mtu.

Akakaa kwenye kreti lililopinduliwa, kibodi mapajani, skrini ndogo mbele yake, akaanza saa mbili kamili.

Mistari ikashuka. Ilishuka polepole, ikatulia, ikashuka. Thora akanywa chai ya chupa, akala nusu ya mkate wake wa njegere zilizopondwa, akazitazama liki. Zilikuwa nane, lakini mbili za kona ya kaskazini ndizo alizozichagua. Zilifanana kama mapacha.

Saa tatu na nusu mistari ikasimama na swali likatokea. Lilisema kwamba kuna faili ambayo yeye mwenyewe aliibadilisha kwa mkono. Je, abaki nayo, au achukue mpya iliyokuja na mfumo?

Thora akafikiri. Kama kuna mtu aliyepenya, atakuwa amejificha wapi? Katika kitu cha zamani. Kama panya katika godoro. Godoro lenye panya halifuliwi, linatupwa. Akachagua mpya.

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Katika faili ile ya zamani ndimo ilimokuwa imeandikwa ni pini ipi ya kompyuta, kijiti kipi cha chuma cha kushikia waya, inainua komeo, ipi inafungua madirisha, ipi inafungulia maji.

Saa nne na nusu kazi ikaisha. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha. Skrini ikapendeza, rangi mpya, herufi safi. Thora akasimama, akanyoosha mgongo, akabonyeza kitufe cha mlango.

Kimya.

Akabonyeza tena. Akasikiliza. Kwa kawaida komeo hukohoa kidogo, kisha hupanda. Halikukohoa. Akatazama juu: madirisha ya paa yalikuwa yamefungwa yote manne, na kipimajoto kilisema nyuzi thelathini na moja. Siku ile, kwa bahati mbaya, mbingu haikuwa na wingu. Watu wa Durham huliomba jua mwaka mzima, na likija huja siku isiyotakiwa.

Alisukuma mlango kwa bega. Alijua ni upuuzi, lakini mtu aliyefungiwa ni lazima asukume. Kisha akaketi akajiuliza kwa utaratibu, kama Bi Prudence alivyowafundisha. Simu iko wapi? Mfukoni mwa koti. Daftari lenye namba za pini? Mfukoni mwa koti. Bisibisi ya kufungulia sanduku? Mfukoni mwa koti. Koti liko wapi? Nje, kwenye msumari, hatua mbili kutoka alipokaa.

Akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka.

Kubahatisha namba hakuwezekani. Pini ni arobaini. Nyingine ukizichokoza vibaya unaunguza bao zima. Na moja kati yake ilifungulia maji makubwa, nayo ilikuwa ya kuogopwa zaidi, kwa sababu liki iliyokomaa ikinyweshwa ghafla hupasuka, na liki iliyopasuka haipimwi. Inarudishwa nyumbani kupikiwa supu.

Nyuzi thelathini na nne. Ncha za majani zilianza kulegea.

Akavua soksi. Akachovya leso kwenye pipa, akakumbuka kuwa pipa lile ni la chakula cha liki, lenye kinyesi cha kondoo kilicholowekwa tangu Mei, akaitupa leso mbali. Akapiga bati kwa chupa ya chai. Akaita. Lakini alijua wenzake wote walikuwa klabuni wakipanga meza na kutandaza vitambaa vyeupe. Aliita jina la katibu. Aliita jina la Norman, ingawa hakumtaka. Kulikuwa na jina moja ambalo hakuliita.

Nyuzi thelathini na saba. Hewa ilikuwa nzito, ina ladha ya kitunguu na samadi. Chokaa kwenye vioo iliwaka weupe kiasi kwamba hakujua tena upande gani ni barabara. Matty aliwahi kumsimulia jinsi walivyofukiwa mgodini kwa muda wa saa kumi na tisa, mwaka ambao paa la handaki liliporomoka. Alisema giza halikuwa jambo baya. Jambo baya lilikuwa kujua kwamba ulimwengu uko pale pale, karibu, unaendelea na mambo yake. Thora hakuwa amemwelewa. Sasa alisikia njiwa wakirukaruka juu ya paa la jirani, na mbwa wa mtu akibweka kwa furaha, akamwelewa.

Ndipo maji yakaanza kunyesha.

Yalipiga paa kama mvua ya mawe, yakateremka juu ya vioo, na kivuli chenye kutetemeka kikapita juu ya liki. Hayakuwa mvua. Yalikuwa maji ya mpira. Mtu alikuwa nje akikirashia maji kibanda kizima, paa kwanza, kisha ukuta wa kusini, bila kusema neno. Kipimajoto kilisita. Kikashuka kwa nyuzi moja.

"Nani?" Thora akauliza, ingawa alijua.

Maji yakaendelea kidogo. Kisha sauti ya mzee, nzito, ya mtu asiyezoea kusema: "Nimesikia bati."

Thora akanyamaza. Ridley naye akanyamaza. Walikuwa hodari wa kunyamaza, hawa wawili. Miaka miwili ya mazoezi.

"Umekwama?" Ridley akauliza.

"Hapana. Nacheza dansi."

"Haya. Basi cheza upande wa kivuli, maana huko kusini bado kioo kinachoma." Akavuta pumzi. "Kuna tundu la mpira wa maji hapa chini ya mlango. Ninaingiza ncha. Unywe."

Ncha ya mpira ikaingia kama kichwa cha nyoka mpole. Thora akapiga magoti akanywa, akamwagia shingo yake, akawa mwangalifu tone lisiende upande wa liki. Alipoinuka, kizunguzungu kilikuwa kimepungua, na hasira ikapata nafasi ya kurudi. Ridley Tulip alikuwa na liki zake kwenye mashindano yale. Kila mtu alijua kwamba mwaka huu ni yeye au ni Thora.

"Nina mkasi wa kukatia chuma," alisema Ridley. "Nakata wavu, navunja kioo, unatoka. Dakika kumi."

"Vioo vitaangukia liki."

"Vitaziangukia."

"Basi usikate."

"Thora, sikiliza, shemeji—"

"Usiniite shemeji."

Njiwa wakarukaruka.

"Haya, Bi Heslop," alisema Ridley. "Nitakwambia la moyoni. King'ora cha klabu kinalia saa sita mchana, si ndiyo? Kikilia bado uko humo, nakata. Liki au si liki. Nishamzika mtu mmoja wa nyumba hii, simziki wa pili kwa ajili ya kitunguu."

Thora alitazama saa. Zilibaki dakika ishirini na tano. Alizitazama liki zake mbili za kona. Alilitazama bati. Hakuona njia nyingine, na njia iliyokuwepo ilimuumiza kuliko jua.

"Koti langu liko kwenye msumari," alisema. "Mfukoni kuna daftari la kijani."

Kila mkulima wa liki ana daftari kama lile. Ndani yake mna chakula anachozipa, kiasi gani cha damu iliyokaushwa, masizi gani, bia ya aina gani, siku gani ya mwezi. Watu wamezikwa na madaftari yao. Matty alimwonyesha Thora la kwake akiwa kitandani, wiki ya mwisho, baada ya miaka arobaini na sita ya ndoa.

"Nimelishika," alisema Ridley. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ni lile lenyewe?"

"Ndilo. Fungua nyuma kabisa. Kuna ukurasa wenye namba tu. Usifungue kwingine."

"Sifungui."

"Nitajua."

"Utajuaje na wewe uko humo? Lakini sifungui." Karatasi zikachakacha. "Nimeona. Komeo, kumi na moja. Madirisha, kumi na tatu. Kamera, imekatwa. Maji… hapa pamelowa, pamefutika. Mama yangu, mwandiko wako ni kama kuku ametoka kwenye masizi."

"Soma, usihukumu. Komeo ngapi?"

"Kumi na moja."

Thora akafungua faili mpya, akaandika kumi na moja mahali pa komeo. Vidole vilikuwa vimevimba kwa joto. Akahifadhi, akabonyeza kitufe.

Komeo halikukohoa. Mbele yake, katikati ya kitalu, mabomba yalishusha pumzi, yakafoka, na maji makubwa yakaanza kutiririka kwenye mizizi.

"Hapana! Hapana, hapana!" Akarudi kwenye kibodi, akafuta, akakosea, akafuta tena. Maji yakakatika. Akatambaa kwa magoti hadi kwenye kona, akagusa udongo kuzunguka zile mbili. Juu umelowa. Chini ya kidole, bado mkavu. Sekunde kumi zaidi zingetosha.

Akabaki pale akihema, kiganja chake kwenye udongo, kisha akaugeukia mlango.

"Umenitajia ya maji!" alipaza sauti. "Hukutosheka na za Matty? Safari ile kisu, safari hii maji, Ridley Tulip?"

Nje zikasikika nyayo. Alidhani anaondoka, na hofu iliyomshika ilimshangaza. Lakini nyayo zilizunguka ukuta, zikasimama upande wa mashariki.

"Kwangua chokaa hapa," alisema Ridley. "Padogo. Tundu la mpira limejaa maji, wino ungefutika. Halafu ujisomee mwenyewe."

Thora akakwangua kwa ukucha, tundu la ukubwa wa sahani ya kikombe. Nyuma ya kioo na wavu akaona ukurasa wake, umegandamizwa kwa vidole vinene vyenye makovu ya bluu ya makaa. Ulisema kama alivyosema. Komeo, kumi na moja. Kwa mwandiko wake Thora, ule wa kuku.

Akainua macho juu ya ukurasa. Ridley alikuwa amesimama ameelekea kioo, kofia kichwani, jasho likimtiririka, na macho yake yalikuwa yamefumbwa. Aliyafumba kwa nguvu, kama mtoto anayeogopa sabuni. Mbele yake, kupitia tundu lile, kulikuwa na liki ambazo kijiji kizima kingetoa jino kuziona siku mbili kabla, naye akafumba.

"Umeona?" aliuliza, bado amefumba.

"Nimeona," Thora akasema polepole. "Umesoma sawasawa. Unaweza kugeuka."

Akageuka, akaupa mgongo ukuta, ndipo akafumbua macho.

"Kuna maneno chini kabisa," alisema. "Yamebanana. Yanasema, hesabu ya miguu; kwa majina tazama nyuma ya ukurasa."

Thora akajipiga paji la uso. Bila shaka. Pini zina hesabu mbili: unaweza kuzihesabu moja moja kwa mpangilio, kama miguu ya tandu, au unaweza kuziita kwa namba za majina yao. Alipoanza alizihesabu miguu. Mfumo mpya ulikuwa unataka majina. Mguu wa kumi na moja ni kitu kimoja, na pini inayoitwa kumi na moja ni kitu kingine, nayo ndiyo ya maji.

"Geuza," alisema.

Ridley hakugeuza. "Thora. Nyuma ya huu ukurasa, wino umepenya. Naona neno bia, naona neno masizi. Ni chakula, sivyo? Majina yako juu, chakula kiko chini yake. Nikisoma jina nitaona na hicho. Bora nifumbe tena, nikuwekee kiooni."

Ndivyo ilivyokuwa. Majira yale ya baridi aliandika popote palipokuwa na nafasi.

Nyuzi thelathini na saba tena. Zimebaki dakika kumi na moja. Thora akaegemeza kichwa kwenye kioo, kwa upande wake, na akajua bila kuona kwamba mgongo wa Ridley ulikuwa upande wa pili wa kioo kile kile.

"Kwa nini ulizikata?" alisema. Hakupaza sauti safari hii.

"Sikuzikata."

"Basi kwa nini hukusema?"

Ridley akahamisha uzito wa mwili; wavu ukalia.

"Ilikuwa zamu yangu ya kulinda," alisema. "Matty alilinda usiku wa kwanza, mimi wa pili. Mke wangu Elspeth alikuwa mgonjwa wiki ile, nilikuwa sijalala siku tatu. Sikumwambia Matty, angesema nenda nyumbani. Nikaketi kwenye kibanda cha njiwa, nikasema nafumba macho kidogo. Nilipofumbua kulikuwa na mwanga na liki zimelala." Akakohoa. "Mgodini, aliyelala zamu na aliyeangusha paa ni mtu mmoja. Matty aliponiita mkataji, nikaona, nitajitetea kwa lipi? Kwamba mimi si mkataji, ni mlinzi aliyelala? Nilikuja mpaka getini kwenu mara tatu. Nikarudi."

Thora akafumba macho. Alimwona Matty kwenye kiti cha dirishani, blanketi magotini, akitazama geti siku nzima na kusema kwamba anatazama ndege.

"Alikuwa akikungoja," alisema. "Mbwa wewe. Alikutukana kila siku na kila siku alikuwa akikungoja ubishe hodi. Ningekupikia hata chai."

Mgongo wa upande wa pili ulitikisika kidogo. Thora akaivuta kibodi.

"Geuza ukurasa, shemeji," alisema. "Usome wewe, macho wazi."

Karatasi ikageuzwa. Kitu kikasikika kikibanwa, tak. Kisha Ridley akasoma, taratibu, kama kanisani: "Komeo, kumi na saba. Madirisha, ishirini na saba. Maji, kumi na moja. Na umeweka alama ya hatari, umeichora kama fuvu. Zuri sana, hilo fuvu."

Thora akaandika kumi na saba. Akaandika ishirini na saba. Akahakiki mara mbili. Akabonyeza.

Juu ya kichwa chake madirisha manne yakalia kwa kutu na kufunguka, na hewa ya nje, baridi, yenye harufu ya njiwa na majani yaliyokatwa, ikamwangukia kama ndoo ya maji. Mlangoni komeo likakohoa. Likapanda.

King'ora cha klabu kililia alipokuwa akisukuma bati.

Ridley alikuwa amesimama hatua tano mbali, mkasi wa chuma miguuni, uso ameuelekeza kwenye kabichi za mtu. Alinyoosha mkono nyuma na kumpa daftari bila kugeuka. Thora akalifungua. Nusu ya chini ya ukurasa ule, pale penye bia na masizi, ilikuwa imekunjwa kwa nyuma na kubanwa kwa kibanio cha nguo, kile anachobania pazia la kibanda cha njiwa wake. Yalibaki wazi majina matatu tu.

Thora alisoma kibanio kile muda mrefu kuliko alivyowahi kusoma ukurasa wowote.

"Njoo uone," alisema.

"Wapi?"

"Ndani. Njoo uone liki."

"Kabla ya meza? Una homa ya jua, wewe. Kaa chini nikuletee chai."

"Ridley. Sitakaa nirudie."

Akavua kofia. Akavua koti lake, akalitundika kwenye msumari, ndipo akaingia, akiinama ingawa mlango ulikuwa mrefu wa kutosha. Alisimama mbele ya zile mbili za kona. Ncha za majani zilikuwa zimekunjamana, zingine zimeungua rangi ya chai. Mabwana wa futi wangeliona hilo Jumamosi na kuzipunguzia alama. Lakini mashina yalikuwa mazima. Ridley alichuchumaa, mikono nyuma, asije akagusa.

"Mbegu ya Matty," alisema.

"Mbegu ya Matty. Malezi yangu."

"Naona," alisema Ridley. "Matty hakuwahi kuzifananisha hivi. Zake moja ilikuwa daima inanenepa kumpita mwenzake." Akainuka kwa shida, magoti yakilia. "Umenishinda, Thora Heslop. Hata zikiwa zimeungua masikio."

Walitoka wakaketi nje kwenye benchi lake Ridley, chai ikaja katika vikombe viwili ambavyo kimoja hakina mkono. Thora alipewa chenye mkono. Kabla ya kuketi, alikuwa amelivuta kreti lake akaliegemeza kwenye bati, ili mlango usijifunge.

Ndipo Norman Raine akapita njiani, anatoka klabuni, vitambaa vya meza begani. Akaona mlango wa Thora u wazi. Akasimama kama aliyeona kaburi limefunguka.

"Thora! Mlango wako!"

"Najua," alisema Thora, akapuliza chai.

Norman akatazama bati, akamtazama Ridley, akatazama changarawe haraka, kwa adabu, akaenda zake bila mzaha wowote.

"Leo usiku nitalinda mimi," alisema Ridley. "Nimeshalala mchana kutwa wiki hii, najiandaa. Nisingesema, lakini nilikuwa nitalinda hata hivyo. Mwaka jana pia nililinda."

"Mwaka jana?"

"Kutoka kibanda cha njiwa. Macho yote mawili wazi."

Thora alikata mkate uliobaki vipande viwili, akampa kile chenye njegere nyingi.